Injini Jikoni kwa Mama Safiya

Jumamosi, 14 Septemba

Leo nyumbani kwangu imeletwa injini ya trekta. Imeshushwa kwa winchi uani, nzito kama ng'ombe, nyeusi kwa grisi, na sasa imekaa bandani penye baiskeli mbovu. Mume wangu Haroun anaizunguka na kuipapasa, na anaimba. Tangu astaafu ufundi wa mabasi mwaka juzi sijamsikia akiimba. Kazi yake imekuwa kukaa dirishani na kuyasema mabasi yanayopita: hili breki zake zinalia, lile gia zimechoka.

Lawama ni zangu. Mimi na Marie-Claire, ambaye sote tunamwita Mama Aganze, tunafanya kazi pamoja jikoni katika shule moja hapa Alum Rock, mtaa wetu huku ughaibuni. Ni Mkongo wa Kabare, na huyu mama ana mazungumzo ya aina moja tu duniani, nayo ni shamba. Tukimenya viazi, shamba. Tukisugua masufuria, shamba. Mwaka wa kumi na moja huu anaishi ghorofa ya tisa kule Ladywood, na kwenye kibaraza chake amepanda maharage ndani ya ndoo za rangi. Kuna siku natamani viazi vimenywe kimyakimya.

Sasa Sukhvinder, mwenye duka la matairi hapa barabarani kwetu, ana kipande cha shamba nje ya mji alichoachiwa na baba yake. Kuna bwana mmoja anakitaka aweke farasi wake. Mama Aganze alipopata habari akamwendea Sukhvinder kila siku mpaka mwenye duka akachoka. Akamwambia: udongo ule ni mfinyanzi mtupu, usipogeuzwa kabla ya baridi kali ukalainishwa na barafu, mwakani hauoti kitu. Ukililima kabla ya Desemba, shamba lako wewe na wenzako wa kanisani. Usipolilima, nampa mwenye farasi. Wakulima wa jirani hawataki kuleta mashine zao kwa kipande kidogo hivyo. Trekta lipo, la marehemu baba yake, limelala bandani miaka mingi na injini imekufa.

Mama Aganze alinisimulia haya huku machozi yakimlengalenga juu ya karoti. Nami kwa kiherehere changu nikasema, "Mbona mume wangu ni fundi?"

Basi.


Jumatatu, 16 Septemba

Mvua.


Jumapili, 22 Septemba

Banda linavuja. Haroun amekwisha kuifungua injini, na vipande vyake vyote vimehamia jikoni kwangu. Meza imejaa, kabati la chini limejaa, na juu ya friji kuna kitu anachokiita pampu, kinachonuka dizeli. Tunakula sebuleni, juu ya mkeka.

Binti yetu Safiya amekuja kutoka Harborne, akasimama mlangoni bila kuvua koti.

"Mama, why is there an engine in the kitchen?"

"Kwa sababu bandani kunavuja," baba yake akamjibu.

"That's not a reason, Baba."

"Ni sababu. Shika hii."

Vipande amevipanga juu ya magazeti kwa utaratibu wake. Hasa vali, ambazo ni nane, kila moja imewekwa mahali pake maalumu. Ananieleza kwamba kila vali imesuguana na kiti chake, yaani tundu inaloliziba, miaka na miaka mpaka vimezoeana, kwa hiyo usiipeleke kwenye kiti cha mwenzake, itavujisha na injini haitawaka. Nikamwambia aandike namba. Akajigonga kichwa kwa kidole, kwamba ramani iko humu. Fundi anayeandika vitu vile, anasema, ni sawa na mpishi anayepima chumvi kwa mzani.

Haya.


Ijumaa, 27 Septemba

Mvua. Mama Aganze amepiga simu asubuhi, mchana na jioni. "Mama Safiya, moteur iko namna gani?" Nikamwambia iko vilevile, imelala, haijaomba maji. Akacheka, lakini kesho najua atapiga tena.


Jumanne, 1 Oktoba

Nimepika pilau jikoni penye pistoni nne. Imetoka vizuri.


Jumamosi, 5 Oktoba

Haroun ameumia mgongo. Sukhvinder alimwambia angoje aje amsaidie kunyanyua silinda hedi, lile dude la chuma linalokaa juu ya injini na kubeba vali. Yeye akaona anajiweza. Nilikuwa sebuleni, nikasikia kishindo, nikakimbia. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, ameshika ukingo wa sinki, uso umemtoka jasho, na bado anaangalia kama hedi limepata ufa.

Tumeshinda hospitali. Hajavunjika, alhamdulillahi, ila ameamriwa alale chali na asinyanyue hata birika. Njia nzima nilimgombeza ndani ya teksi. Nilikuwa na hasira kwa sababu nilikuwa na hofu, na yeye alijua, akawa ananishika mkono tu.


Jumapili, 6 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Habari za mgonjwa zilikwisha kusambaa. Baada ya adhuhuri wakaanza kuingia watu kumpa pole. Majirani wa Kitanzania, Edah wa nyumba ya pili ambaye ni Mkenya, na baada ya ibada yao akaja Mama Aganze na kinamama wa kwaya, wote na vitenge vyao vya kanisani na mabakuli yamefunikwa. Mimi nilikuwa juu chumbani na Haroun, napanga mito, namwonyesha kila mgeni pa kukaa, napokea dua. Chini nasikia maji yakimwagika, vyombo vikigongana, na kwaya inaimba taratibu. Moyo wangu ukatulia. Nikajisemea, nina watu.

Nikashuka kuchukua chai.

Jikoni palikuwa panang'aa. Sijawahi kuliona jiko langu safi vile tangu tulipohamia. Meza tupu, imefutwa. Magazeti hayapo. Na kwenye rafu, pale ninapoweka sahani za wageni, vipande vya injini vimepangwa kwa ukubwa, vidogo mbele, vikubwa nyuma, vimeoshwa kwa sabuni na maji ya moto, vimekaushwa kwa vitambaa vyangu vya chai. Vali zote nane zimesimamishwa ndani ya glasi, kama vijiko. Na kila kitu kilikuwa chekundu kinameremeta.

"Tulipakala mawese," Mama Aganze akasema, amefurahi, mikono bado ina povu. "Juu bisipate kutu. Bilikuwa buchafu sana, Mama Safiya! Mugonjwa akilala, jikoni ya bibi yake hapana kubakia vile."

Nami nikienda kumwona mgonjwa siondoki bila kuosha vyombo vya mwenye nyumba. Ndivyo nilivyolelewa Tanga, na yeye ndivyo alivyolelewa Kabare. Ningekuwa mimi ndiye mgeni, ningeosha, na ningesugua kuliko yeye. Nikauliza tu kama kuna aliyekumbuka ipi ilikuwa wapi.

Edah akaweka chini kitambaa. "Kwani zilikuwa na order?"


Jumatatu, 7 Oktoba

Nimemwambia. Nilingoja anywe dawa kwanza.

Haroun akanigeuzia uso. Akauliza, "Mawese?" Nikasema mawese. Akaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na kila akicheka mgongo unamuuma, anapiga kelele, anacheka tena. Mwishowe akafuta machozi. Pistoni na mikono yake, akasema, hazina tabu, zimechapwa namba kiwandani. Vali ndizo hazina namba. Zile zimekwisha.

"Na ramani iliyo kichwani?"

"Ramani ya meza ninayo," akasema. "Meza ndiyo sina."


Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua siku nzima. Mama Aganze hajapiga simu tangu Jumatatu nilipomweleza. Kazini anamenya viazi, ananipa kisu ninapokihitaji, ananiitikia salamu, basi. Hakuna shamba, hakuna maharage, hakuna moteur. Sikujua kwamba jikoni mle, bila mdomo wake, saa haziendi. Namtamani yule msumbufu wangu.


Jumamosi, 12 Oktoba

Nimekwenda Ladywood. Lifti ilikuwa mbovu, nikapanda ngazi huku nasema na magoti yangu.

Alifungua mlango, akashtuka, akanikaribisha. Sijawahi kufika kwake. Mwanawe Aganze anasoma Manchester, kwa hiyo yuko peke yake. Sebuleni kuna kochi, televisheni na msalaba, na kila penye nafasi kuna mbegu. Chupa za jemu zimejaa maharage ya kila rangi, mahindi, mbegu za maboga, za lengalenga, za mboga ambazo sizijui. Kumbe kila mwaka anapanda kwenye ndoo, si kwa ajili ya kula. Anapanda ili mbegu zisife. Mbegu za mwaka jana huzaa za mwaka huu, na hivyo hivyo, ndoo kwa ndoo, huko juu hewani, akingoja ardhi.

Nimemsikiliza huyu mwanamke miaka minne akiongea shamba, nikadhani anaota ndoto za mchana. Niliona haya.

"Nimeharibu," akaniambia. "Miye mwenyewe na mikono yangu. Unione: naomba shamba kwa Mungu, kisha naosha ile shamba na sabuni."

Kabla sijajibu simu yangu ikalia. Alikuwa Haroun, kutoka kitandani. "Mwanamize, uko kwa Mama Aganze? Mwambie nimewaza. Vali iliyopoteza kiti chake husagwa upya. Unapaka dawa ya kusagia, unaipekecha kwenye kiti kipya mpaka vipatane. Mimi siwezi kukaa, sembuse kuinama. Lakini yeye anajua kupekecha?"

Nikamgeukia. "Mama Aganze, wajua kupekecha?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama anajua kupumua.


Jumapili, 20 Oktoba

Kinamama sita wa kwaya, mimi, na Edah. Tunatosha vali nane.

Sukhvinder alileta dawa yenyewe, uji mzito wa kijivu wenye mchanga ndani, na vijiti vyenye mpira wa kunyonya mwishoni. Unabandika mpira kwenye uso wa vali, unashika kijiti kati ya viganja, unapekecha kama unavyopekecha mboga chunguni. Kabisa. Hakuna tofauti. Hedi tuliliweka juu ya meza, tukalizunguka bega kwa bega, huku Haroun amelazwa kwenye godoro mlangoni pa jiko kama sultani aliyepinduliwa, akitoa amri.

"Pekecha! Inua. Geuza. Pekecha tena! Wewe mama wa kilemba cha kijani, taratibu, si ugali huo!"

Kinamama wakayachukua maneno yake wakayatia sauti. Mmoja anaanza, "Pekecha!" na wenzake wanaitikia, "Inua, geuza!" mpaka Edah akaanza kucheza na kijiti chake mkononi. Vali zikawa zinalia ndani ya hedi, shwaa shwaa, zote kwa mpigo mmoja. Safiya alikuja katikati ya kelele hizo, akasimama, akavua koti safari hii. "Move over, Mama," akaniambia, "you're doing it wrong." Akapekecha kidogo, vizuri kuliko mimi, mtoto niliyemzaa, kisha akanirudishia kijiti.

Jioni tukapima. Hedi linageuzwa, unamimina mafuta ya taa juu ya kila vali, unangoja uone kama yanapenya. Tuliinama wote. Ya kwanza kavu. Ya pili kavu. Saba zote kavu, na ya Mama Aganze ilikuwa kavu kuliko zote, Haroun mwenyewe alisema. Ya nane ikadondosha tone, kisha jingine.

"Hiyo ni ya nani?"

Ilikuwa yangu.

"Wewe ndio mke wa fundi," Edah akasema, "na yako ndio inaleak! Aki woishe." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini sakafuni. Nikapekecha upya, peke yangu, wote wakinihesabia.

Halafu Haroun akasema dawa ile ikibaki hata chembe itakula injini, kwa hiyo sasa kila kitu kioshwe. Hakuna aliyesogea. Mama Aganze akarudisha mikono nyuma kabisa.

"Osheni, jamani," Haroun akasema. "Nawaombeni. Sabuni na maji ya moto. Ila safari hii kila mtu aoshe yake, aishike mkononi mpaka nimwambie pa kuiweka. Na mawese muyaache kwenye wali."


Jumamosi, 2 Novemba

Haroun anakaa kitini sasa. Anaelekeza, Sukhvinder anakaza nati, mimi nashika tochi. Nimejifunza majina ya spana. Hili sikulipanga maishani mwangu.


Ijumaa, 8 Novemba

Injini imefungwa yote na imepelekwa shambani. Jiko langu limerudi. Ni kubwa mno, sijui niweke nini.


Jumamosi, 16 Novemba

Tulikwenda wote kuijaribu. Imegoma. Inazunguka, inakohoa, inazima. Sukhvinder akatazama upande wa shamba, akasema kwa Kiswahili chake cha Nakuru alikozaliwa, "Yule mtu ya farasi amepiga simu jana. Mimi nimeambia yeye Jumamosi ya mwisho ya mwezi, natoa jibu." Hakusema kwa ubaya. Mama Aganze alirudi mjini uso wake dirishani.

Usiku Haroun hakulala kwa kuwaza, nami sikulala kwa kumsikia akiwaza.


Jumapili, 17 Novemba

Hewa! Kwenye mpira wa dizeli kulikuwa na hewa tu. Haroun alilegeza nati moja ndogo, akaacha mapovu yatoke, akaikaza. Sukhvinder akapiga stata. Injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, halafu ikashika. Ilinguruma! Kunguru wote wa eneo lile waliruka.

Ilipopata moto, harufu ikatanda bandani, tamu, ya chakula. Tukanusa. Ni mawese yaliyobaki kwenye pembe za chuma yanaungua. Trekta lilinuka ndizi za kukaanga. Mama Aganze alimkumbatia Haroun, mgongo na yote, naye hakulalamika.


Jumanne, 19 Novemba

Theluji. Nyeupe, nzuri, na sina hamu nayo.


Jumamosi, 23 Novemba

Theluji imeyeyuka, na mvua ya upepo imenyesha juu yake. Shamba ni bwawa. Haroun anasema ukiingiza trekta humo unatengeneza matofali. Tunahitaji lipumue siku chache bila mvua. Bado Jumamosi moja. Kinamama wa kwaya wanaomba jua, mimi nimeliomba kwenye sala zangu zote, na Edah anaangalia utabiri kwenye simu, anasema huo ndio mchango wake.


Jumatano, 27 Novemba

Hakujanyesha.


Ijumaa, 29 Novemba

Hakujanyesha. Mama Aganze amepiga simu mara nyingi kiasi kwamba Haroun amejifunza kuitika, "Iko salama, mama, haijaomba maji."


Jumamosi, 30 Novemba

Asubuhi ilikuwa kavu, baridi ya kukata masikio, na anga ya buluu tupu. Tulikwenda kwa magari matatu. Shamba limekaa mtelemkoni, limezungukwa na miti iliyopukutika, na juu ya majani kulikuwa na ukungu mweupe. Haroun alichimba kwa kisigino, akaufinya udongo, akanusa. "Unalimika," akasema.

Sukhvinder alipanda kwanza. Alikiri kwamba baba yake hakuwahi kumruhusu aguse usukani ule hata siku moja, na alipokaa pale aliupapasa kwa viganja kabla ya kuwasha. Plau ikashuka, ikauma. Udongo ukageuka, mwekundu, unang'aa, unatoa mvuke kwenye baridi. Nililia. Mimi mtoto wa mjini, nisiyejua kushika jembe, nililia kwa ajili ya tope. Mama Aganze hakulia. Alitembea nyuma ya plau ndani ya mfuo, hatua kwa hatua, anaangalia chini.

Simu ya Sukhvinder ikalia, akasimamisha, akashuka kwenda kuongea pembeni. Kiti kikawa kitupu na injini inaunguruma. Haroun akamwona Mama Aganze anavyokitazama.

"Panda," akamwambia.

"Mimi? Hata gari sijuwe kuendesha, Baba Safiya."

"Gari ndilo gumu. Panda."

Akafunga kitenge juu ya koti, akapanda. Haroun akatembea kando yake na fimbo yake, anampigia kelele: klachi, polepole, shusha, tazama mbele usitazame nyuma. Mfuo wake wa kwanza ulikwenda upande kama njia ya mlevi, na kwaya yote ikapiga vigelegele. Wa pili ukanyooka kidogo. Wa tatu Haroun akaacha kutembea, akaja kusimama nami, anahema, anatabasamu.

Sukhvinder akarudi, anafuta simu kwenye suruali. "Ilikuwa yule ya farasi," akasema. "Nimeambia yeye, pole sana, hii shamba iko na mwenyewe."

Jua la Novemba halina subira. Mchana haujakaa tayari lilikuwa linateremka, na baridi ikaturudia miguuni. Chai ya chupa ikaisha. Kinamama wakaingia garini mmoja mmoja wakisugua mikono. Sehemu kubwa imekwisha kugeuzwa, na Sukhvinder akasema inatosha, ukingo uliobaki atamalizia kesho mwenyewe. Akampungia Mama Aganze mkono ashuke. Mama Aganze naye akampungia mkono, kama mtu anayesalimiwa na jirani, akafika mwisho wa mfuo, akainua plau, akageuza, akarudi tena.

"Kwani hajui kusimamisha?" Sukhvinder akauliza.

"Anajua," Haroun akasema. "Nilimfundisha hilo kabla ya yote."

Tukangoja. Akapita mbele yetu, mgongo wima, kilemba kimemlegea, anaimba kitu ambacho injini ilikimeza. Haroun akanigusa kiwiko.

"Mwite basi tuondoke, Mwanamize. Wewe ndiye rafiki yake."

Sikumwita.